Mjomba anayeyusha betri hatua 25 kutoka kisimani. Hii jeli inayonasa risasi kwenye maji ni kweli ipo?

NangaMoja
Habari zenu wadau wa kusini na kwingineko. Nina jambo linaninyima usingizi naomba mnisaidie, na tafadhali msinicheke maana kemia nilipata F na sikukata rufaa.

Mjomba wangu hapa Mikindani alikuwa mtu wa bahari, sa hivi magoti yamekataa, kazi yake ni kushona nyavu za watu na kuwatengenezea chubwi. Kwa watu wa bara, chubwi ni vile vipande vya risasi (ile metali nzito, siyo ya bunduki) vinavyofungwa chini ya wavu ili uzame. Risasi anaitoa kwenye betri mbovu za magari na za sola, anazinunua kwa vijana wa vyuma chakavu, anazipasua kwa shoka, asidi anaimwaga pale pale chini ya mkorosho, zile sahani za ndani anazikung'uta anaziosha kwenye ndoo halafu zinaingia kwenye sufuria bovu juu ya mafiga, zikishayeyuka anamimina kwenye vishimo vya udongo, zikipoa tayari. Kazi safi kabisa, wavuvi wanatoka mpaka Msanga Mkuu kumfuata. Tatizo kutoka kwenye mafiga mpaka kisimani ni hatua 25, nimezihesabu mwenyewe, na kisima hicho tunakunywa nyumba nne. Mkorosho wenyewe upande wa huku umekauka.

Juzi nimekutana na video, watu wanatumbukiza vishanga vya jeli kwenye maji yenye metali nzito, vishanga vinainasa ile metali, halafu wanaitoa tena wanabaki nayo mkononi. Sasa nauliza, hii ni kweli au mambo ya mitandao? Kuna mshkaji kaniambia jeli yenyewe ni ile ya kwenye pampers. Mwingine kasema inatokana na mwani, na mwani sisi huku si tunao?

Na msije na jibu la "mkataze". Ni mjomba, tena mkubwa kwa upande wa mama. Wamakonde wenzangu mnajua hapo naongelea nini.

ChikongolaFinest
Siti ya mbele kabisa. Yaani mkorosho umekauka na nyie bado mnachota?? Mkuu mkorosho haukauki kizembe ule mti, huo umekupa taarifa.

NangaMoja
Tunachota ndio, tungekunywa nini. Tunachemsha lakini.

Nesi wa Mchangani
Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi haifi kwa moto ndugu yangu. Maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki kwenye sufuria, kwa hiyo ukichemsha sana ndo unaikoleza. Ntarudi nipo zamu.

MamaMwani
Mwanangu hapo kwenye mwani umenigusa, mimi nalima hapa Naumbu mwaka wa tisa sasa. Kama kuna matumizi mengine zaidi ya kuwauzia hao wanunuzi kwa bei ya kutupwa mtuambie na sisi. Nafuatilia.

Mwalimu wa Zamu
NangaMoja nimeukuta uzi wako nikiwa nasahihisha, nimeacha peni. Nafundisha kemia huku Masasi. Umeuliza mengi kwa mkupuo, ntajibu kadiri yanavyokuja.

Hiyo kitu ni kweli, wala si kiini macho. Hidrojeli ni nyuzi ndefu za polima zilizofungwa fungwa kama wavu, na kwenye matundu ya wavu kumejaa maji. Wavu wenyewe ni kidogo sana. Shanga ya kawaida ya jeli ya alijineti, ile inayotokana na mwani, asilimia 98 ni maji, 2 tu ndo nyuzi. Sasa kwenye zile nyuzi kuna vikundi vya kemikali vyenye chaji hasi, na risasi iliyoyeyuka kwenye maji ina chaji chanya mbili. Inapopenya ndani ya shanga inamkuta kalsiamu kakaa kwenye kiti, inamwinua inakaa yenyewe. Kalsiamu anatoka na maji, risasi inabaki. Ukitaka kuitoa unamwaga asidi kidogo, nyepesi, ile asidi ina haidrojeni nyingi mno zinagombania viti vyote kwa pamoja, risasi inanyanyuka inatoka kwenye kikombe kidogo cha asidi badala ya ndoo nzima ya maji. Ukirudisha kalsiamu, shanga zinaanza kazi upya. Ndo maana wanasema kunasa na kurudisha, siyo kuchuja tu.

Pampers: ni kweli ule unga ni hidrojeli, jina lake sodiamu poliakrileti, unanyonya maji mamia ya mara ya uzito wake na vikundi vya kunasa metali unavyo. Lakini ukitiwa kwenye maji yenye chumvi au chokaa unasinyaa, na maji ya visima vya pwani yetu unayajua, sabuni unaisugua mpaka inakaribia kuisha povu halijatokea. Halafu ukishaloa ni uji. Utautenganishaje na maji? Kwa kitambaa? Siku nzima utakuwa unakamua.

Mwani: hapa samahani mama yangu MamaMwani. Mwani mnaolima, spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu na unatoa karajinani, ile wanayotia kwenye maziwa na dawa ya meno iwe nzito. Karajinani nayo ni jeli, ila vikundi vyake ni vya salfeti, havishiki risasi kwa nguvu kama vya alijineti, na maji yakiwa ya moto jeli ya kotonii inayeyuka. Alijineti inatoka kwenye mwani wa kahawia.

MamaMwani
Wa kahawia kama ule wenye vipuli vya hewa vidogo vidogo, unaozagaa ufukweni ukipiga kusi?

Mwalimu wa Zamu
Huo huo mama, sagasamu.

MamaMwani
Haaa! Ule tunautupa! Unajizongomeza kwenye kamba za mashamba yetu tunaamka alfajiri maji yakitoka kuubandua. Kumbe ndo mali?

Mwalimu wa Zamu
Mali kwa kiasi mama. Kuutolea alijineti unaosha na maji baridi, unauloweka kwenye asidi nyepesi, unausuuza, halafu unaupasha kwenye maji ya magadi mpaka utoe ute kama wa bamia, unachuja, ule ute ndo sodiamu alijineti. Nishawahi kujaribu na vijana wa kidato cha sita, tulipata kitu kama mlenda wa rangi ya chai, kinanuka bahari darasa zima mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kuna nini. Ila kilifanya kazi.

Tahadhari moja kubwa. Huo mwani usiutie mzima mzima kwenye maji ya kunywa. Jamii ya sagasamu huwa inajikusanyia aseniki kutoka baharini, kuna aina yake wanayokula Wajapani inaitwa hijiki, serikali za Uingereza na Kanada zimewahi kuwaonya watu wao wasiile kwa sababu hiyo. Utatoa risasi uweke aseniki, si umehama nyumba inayovuja ukapanga inayobomoka.

Karasha_Ruangwa
Aisee mwalimu endelea, nilikuwa nasoma kimya kimya. Mi niko machimboni huku Ruangwa. Hiyo ya kunasa halafu kuoshea na kutoa si ndo kama kaboni tunayotia kwenye matanki ya marudio, yale mabaki ya mchanga ulioshaoshwa? Tunamwaga sayanaidi, dhahabu inayeyuka, kaboni inaibeba, halafu kaboni inapelekwa ilusheni wanaitoa dhahabu. Kaboni inarudi kazini.

Mwalimu wa Zamu
Kula tano. Umeeleza vizuri kuliko mimi. Ni wazo hilo hilo, tofauti ni kwamba kaboni inakamata kwa juu juu kwenye vishimo vyake, shanga ya jeli maji yanaingia mpaka katikati kwa hiyo nyuzi zote zinafanya kazi, na unaweza kuchagua vikundi vya kuweka humo kulingana na metali unayoitafuta. Vikundi vyenye salfa vinaipenda zebaki kupita maelezo. Vya amini, kama vya kitosani inayotoka kwenye maganda ya kamba na kaa, vinaipenda shaba.

Karasha_Ruangwa
Zebaki sasa ndo penyewe. Huku mwaloni tunaosha mchanga wa dhahabu, zebaki inashika dhahabu, tunachoma. Hiyo jeli inaweza ikasaidia?

Mwalimu wa Zamu
Kwa ile iliyoyeyuka kwenye maji ya kuoshea, ndiyo, ikiwa na vikundi vya salfa. Kwa ule moshi mnaouvuta mkichoma, hapana, hakuna jeli itakayoukimbiza hewani, hapo ni ritoti tu, ile ya chuma yenye bomba linalopoza mvuke ukarudi kuwa zebaki, na hata hivyo unaokoa zebaki yako mwenyewe usinunue nyingine. Minamata kule Japani kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, watu wakala samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956. Mkataba wa dunia wa zebaki wa 2013 umepewa jina la mji huo huo. Hawakuipata kwa kunywa maji.

ChikongolaFinest
Subirini kwanza. Kwahiyo jeli inanasa na DHAHABU? Mbona mnaongelea risasi kama vile hamkusikia alichosema jamaa wa Ruangwa?

Mwalimu wa Zamu
😂 Nilijua utafika hapo. Ndiyo, inanasa. Mwaka 2024 watafiti wa ETH Zurich kule Uswisi walitangaza sifongo waliyoitengeneza kwa protini ya maji yanayobaki ukitengeneza jibini. Walichukua bodi 20 za kompyuta chakavu, wakaziyeyusha metali zake kwa asidi, sifongo ikanasa dhahabu, wakaichoma wakapata kipande cha miligramu 450 cha karati 22. Haifiki hata nusu gramu, kwa bodi 20. Kabla hujaanza kukusanya simu mbovu za Chikongola nzima jua kwamba asidi yenyewe ya kuyeyushia inaweza kukutoa mapafu.

ChikongolaFinest
Basi naahirisha. Naendelea na korosho zangu.

Nesi wa Mchangani
Nimerudi. NangaMoja nimesoma yote, mwalimu kaeleza vizuri sana lakini mimi nataka nikupeleke pembeni kidogo. Umeng'ang'ania kisima. Mimi wasiwasi wangu wala sio kisima.

Risasi ikidondoka chini inapenda kushikana na udongo wa juu, haishuki haraka hivyo. Kwa hiyo inaweza kuwa kisima chenu kina afadhali kuliko uwanja. Wapi inapoingia mwilini? Vumbi. Mjomba anakung'uta zile sahani, unga wake ule wa kijivu na kahawia unatua kwenye mikeka, kwenye mihogo mliyoanika, kwenye mikono ya watoto wanaocheza hapo halafu wanakula ming'oko bila kunawa. Na moshi wake. Kuna watoto hapo?

NangaMoja
Wapo watano. Wangu wawili. Wa miaka mitatu ndo hashikiki, muda wote yuko na babu yake pale kwenye mafiga, anachezea zile chubwi kama ng'ombe wake.

Nesi wa Mchangani
Ee Mungu. Mtoto mdogo mwili wake unafyonza risasi kuliko mtu mzima, na hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Dalili zenyewe zinakudanganya, tumbo linasokota, choo hakitoki, damu pungufu, mtoto anakuwa mzito kushika masomo, mnasema mvivu au kalogwa. Mtoe hapo leo, usingoje jeli. Vitu vyake vya kuchezea vioshe kwa maji na sabuni, na uwanja usifagiwe mkavu, nyunyiza maji kwanza. Halafu mpeleke hospitali ya mkoa, uwaambie waziwazi anakaa karibu na betri zinazoyeyushwa, usiseme tu anaumwa tumbo.

Na maji pimeni. Usikisie. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, hiyo huwezi kuiona wala kuionja.

NangaMoja
Dada umenitetemesha. Mtoto nimemhamishia kwa bibi yake kwa sasa. Kesho naenda mjini na chupa.

Mwalimu wa Zamu
Peleka mbili. Moja ya kisima, nyingine ya ile ndoo anayooshea sahani, acha itulie uchote ya juu iliyo safi. Waulize kwanza maabara wanatakaje sampuli, chupa wanakupa wenyewe mara nyingi maana inatiwa tone la asidi ili risasi isigande kwenye kuta za chupa.

Bwana Chumvi
Mi nauliza tu jamani, mbegu za mlonge je? Bibi zetu walikuwa wanasafishia maji.

Mwalimu wa Zamu
Mlonge unashusha tope, na unaishusha vizuri. Metali iliyoyeyuka ni habari nyingine, usiutegemee.

NangaMoja *(siku 12 baadaye)*
Wadau nimerudi. Majibu nimepata. Risasi ya kisimani iko CHINI ya ile mikrogramu 10!! Nesi ulikuwa sahihi. Ila ile ndoo, yule dada wa maabara kaniangalia kama nimetoka jela, imezidi kiwango mara mia na kitu. Na ile ndoo mjomba akimaliza anaimwagia mpapai.

ChikongolaFinest
Mpapai ambao nyie mnakula?

NangaMoja
Ambao tulikuwa tunakula.

Mwalimu wa Zamu
Sasa hapo ndo jeli inapata kazi yake, na ndo kitu nilitaka kukisema toka mwanzo nikaona ngoja vipimo viseme. Watu wakiiona hiyo video wanafikiria kuitumbukiza kwenye kisima, ziwa, mto Ruvuma. Piga hesabu. Gramu 1 ya alijineti kavu ikiwa maabara inabeba zaidi ya miligramu 100 za risasi, kwa hiyo kilo nzima ya shanga mbichi, ambayo ndani ina gramu 20 tu za alijineti, inaweza kubeba gramu 2. Ni nyingi sana hiyo. Lakini kwenye kisima risasi ni kiduchu na kalsiamu na magnesiamu ni nyingi balaa, zote zinapanga foleni kwenye viti vile vile. Bahati nzuri alijineti ina upendeleo, inaipenda risasi kwanza, halafu shaba, halafu kadimiamu, ndo kalsiamu afuate. Nikeli na zinki ziko nyuma ya kalsiamu, kwa hiyo jamaa wa Nachingwea wenye nikeli yenu msije mkasema mwalimu kawaongopea.

Kwenye ndoo ni kinyume. Uchafu mwingi, maji kidogo, unajua nani kauleta na lini. Pale ndo pa kuunasia kabla haujasambaa. Shida moja, ile ndoo ina asidi ya betri. Kwenye asidi shanga hazinasi kitu, si nilisema asidi ndo inayozitoa? Kwa hiyo lazima kwanza uipoze kwa chokaa taratibu, na hapo risasi nyingi itajishukia yenyewe chini kama tope jeupe. Jeli inamalizia ile iliyogoma kushuka.

NangaMoja, tunafunga shule Ijumaa na mimi Jumamosi nina safari ya Mtwara. Nikija na shanga, mjomba ataniruhusu?

NangaMoja
Mwalimu karibu sana. Nimemwambia kuna mtaalamu anakuja kuangalia kazi yake, kafurahi, kavua na kofia.

MamaMwani
Mwalimu mwani wa kahawia nishakukaushia gunia. Naumbu na Mikindani si mbali.

Mwalimu wa Zamu
Ahsante mama. Kwa Jumamosi natumia alijineti ya unga niliyonayo, gunia lako tutalifanyia kazi muhula ujao.

Kwa wanaotaka kujua shanga zinapatikanaje, jana jioni nilikuwa na vijana wanne maabara. Unakoroga alijineti gramu 2 kwenye mililita 100 za maji, inachukua saa nzima kukubali, inakuwa nzito kama uji wa mtoto. Unaivuta na bomba la sindano, unaidondosha tone tone kwenye maji ya kalsiamu kloridi. Tone likigusa tu linajifunga ngozi, linazama, limekuwa shanga laini kama jicho la samaki mbichi. Tukazijaza kwenye chupa ya maji iliyokatwa kitako, tukamimina maji ya mrututu. Yaliingia ya buluu, ya kwanza kutoka yalikuwa meupe kabisa, na shanga zikaanza kugeuka rangi kuanzia juu kushuka chini, unaona kabisa mstari unavyoteremka. Binti mmoja akauliza mstari ukifika chini inakuwaje, nikamwambia hapo umeshachelewa, shaba inaanza kupita. Tukaoshea na asidi nyepesi, buluu ikarudi kwenye kikombe, kali kuliko ya mwanzo. Wakatumbukiza msumari, asubuhi hii umevaa koti jekundu la shaba. Wanaugombania.

Karasha_Ruangwa
Mwalimu wewe ungekuwa huku machimboni ungeshakuwa tajiri au ungeshakufa, moja kati ya hayo.

NangaMoja *(Jumapili)*
Jamani naandika hii nikiwa nimekaa chini. Ngoja niwape yote.

Mwalimu kafika saa nne, kapokelewa na uji, kakaa na mjomba wakaongea bahari karibu saa nzima hata neno risasi halijatajwa. Mi nikawa naona tu muda unaenda. Kumbe ndo heshima yenyewe. Mwisho mjomba mwenyewe ndo akasema haya mwalimu nionyeshe hayo madude yako.

Ndoo ya lita 20. Walitia chokaa kijiko kimoja kimoja, ikachemka chemka, tope likashuka, wakasubiri. Maji ya juu yakamiminwa kwenye chupa mbili za shanga, taratibu, tumekula mchana yanatiririka tu. Shanga zilikuwa za kuangaza, mpaka yanaisha zimekuwa nyeupe kama macho ya samaki aliyechemshwa. Mwalimu akazioshea na asidi ya naitriki, akasema siyo ile ya kusafishia choo, akapata kikombe kimoja kama mililita 100.

Halafu akatoa kichupa cha potasiamu aiodaidi. Akachukua maji ya ndoo, yale ya kabla hayajapita kwenye shanga, akadondoshea, hamna kitu. Mjomba akacheka akasema si nilikwambieni ni maji tu. Akadondoshea kwenye kikombe cha asidi. Wadau. NJANO. Yaani njano ya manjano ya pilau, inashuka kama vumbi la dhahabu ndani ya glasi. Mwalimu akamwambia baba, maji ni yale yale, tumeyakusanya tu, ndoo nzima imekaa humu.

Mjomba akakaa kimya. Akauliza, hiyo njano ni chubwi ngapi? Mwalimu akapiga hesabu kwenye mchanga kwa kijiti, humo kuna kama miligramu 20, chubwi moja ni gramu 30, unahitaji ndoo 1,500 upate chubwi moja. Mjomba akasema basi hamna biashara hapo. Mwalimu akasema hamna, kwa risasi hamna, hii siyo ya kupata hela ni ya kutokuinywa.

Mjomba akaangalia viganja vyake. Akauliza, na huku je? Mwalimu akapaka kitambaa kilicholoa ile asidi nyepesi kwenye meza yake ya kazi, siyo kwenye ngozi, akakidondoshea. Njano tena. Mjomba hakusema kitu mpaka tunamsindikiza mgeni.

Nesi wa Mchangani
Nimesisimka. Na ule uchafu mmeupeleka wapi?

Mwalimu wa Zamu
Swali zuri na hapo ndo watu huwa wanaharibu. Tope la chokaa, shanga na kile kikombe vyote viko kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, imeandikwa SUMU, iko mbali na jikoni. Ile risasi ya kwenye kikombe nimeigandisha kwanza ishuke chini. Naulizia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda iko hapo hapo Mtwara, utaratibu wa kukabidhi. Ukizitupa shanga jalalani jua likazikausha na mvua ikaja, umeihamisha risasi tu kutoka ndoo kwenda jalala.

ChikongolaFinest
Uzi bora wa mwaka huu. Mtoto vipi?

NangaMoja
Tumempeleka. Damu pungufu kweli, wamempa vidonge vya madini ya chuma, sampuli nyingine imesafirishwa, tunasubiri. Yuko kwa bibi yake bado, kila siku analia anamtaka babu na ng'ombe wake.

Mjomba jana hakuwasha moto. Leo asubuhi nimemkuta kashika shanga moja iliyobaki kwenye mfuko, mpya haijatumika, anaiminya na vidole, akaniuliza samaki wanaila hii? Nikamwambia sijui mjomba. Akasema iweke. Halafu akaniuliza jambo ambalo ndo nawaletea nyie, wavuvi mliopo humu, kuna mtu ameshatumia chubwi za saruji au za udongo wa kuchoma kwenye wavu wa dagaa? Anasema anahofia zitapasukia kwenye mwamba, na nyepesi, itabidi ziwe kubwa, wavu utavimba.

Bwana Chumvi
Za udongo wa kuchoma babu yangu alikuwa nazo Mchinga. Zinapasuka ndio, ila unachoma nyingine. Mwambie atoboe tundu kabla hazijakauka, siyo baada.